Kwa mnaojitolea nyumba ya kale usiku wa Idd

Mara yangu ya kwanza kujitolea kwenye nyumba ya kale hapa Lamu, jioni ya Idd pili, nilikuwa nimekariri mengi: nyumba za mawe za karne ya 18, mji kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni walipofika nikayamwaga yote dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni. Nyuma yao kichochoro kikajaa, punda akakosa njia. Hakuna aliyenisikiliza, macho yote yalikuwa ndani.

Dakani toeni salamu tu, na viatu vivuliwe. Nyumba yenyewe ina mpangilio wake wa kusimulia. Unapita tekani, njia ya ndani ya mlango, unatokea kiwandani, yaani uani penye anga, halafu msana wa tini (ukumbi mrefu wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu yake), mpaka ndani, chumba cha wenyewe. Daka ni la mpita njia, kule ndani ni kwa wenyewe. Kila mnapofika, sema jambo moja la hapo mliposimama.

Sakafu hupanda kidogo kutoka chumba hadi chumba. Usiku kidato hicho hakionekani. Mama mmoja alijikwaa huku nikimwonyesha dari, na mpaka leo linaniuma. Wekeni kandili chini, kando ya kila kidato. Zisiwekwe kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa sababu moshi hutia masizi kwenye chokaa.

Watoto wapelekeni kwenye birika la chooni. Waambieni kwamba humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hawatawasumbua tena.

Wazee wa mtaani ndio nataka muwashike zaidi. Mtalii mmoja aliniuliza mbona vyumba ni virefu hivi na vyembamba, nikajibu kuwa ndiyo mitindo ya zamani. Mzee mmoja, fundi wa kuezeka, alikuwa amesimama nyuma. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, chumba hufuata boriti." Boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita 3 hivi, ndipo ukuta wa pili hujengwa hapo. Akaanza kuonyesha kwa fimbo boriti ipi ni ya zamani na ipi ilibadilishwa, na wageni wote wakahamia kwake. Nilimwachia.

Sasa nikimwona mtu mzima amenyamaza anatazama dari, humsogezea kiti kwanza, nikamletea kahawa, ndipo nikamuuliza.