Sijafukuzwa, na pia hakuna kazi 250,000

Nimesikiliza meseji zenu zote za grupu la familia, hata zile za sauti za Anko zenye hazina mwisho, na najibu mara moja nilale maana kesho niko shifti ya asubuhi. Kuna wenye wanasema huku Sachsen, jimbo la mashariki ya Ujerumani, wabaguzi wamechukua serikali na weusi tunapakiwa ndege. Kuna wengine, hasa nyinyi wa mitaa ya Umoja na Kayole, mnasema Ruto alishamaliza mambo Berlin, Wajerumani wanataka Wakenya 250,000, kwa hivyo nitume mwaliko. Aki nyinyi. Zote ni porojo.

Uchaguzi ulikuwa wa jimbo, Septemba 1, 2024. CDU, chama cha wahafidhina, asilimia 31.9, AfD, hao ndio wanataka turudishwe, 30.6. Ile hesabu ya kwanza ya viti komputa iliikosea, AfD wakaonyeshwa 41 kati ya 120, kesho yake ikarekebishwa ikawa 40, na hicho kimoja si mchezo, 41 ingewatosha kuzuia chochote kinachohitaji theluthi mbili za bunge. Mimi nikangoja nisikie mtu akisema fungua seva kama kwetu Kenya, nikangoja vitoa machozi, wapi, Jumatatu watu wameenda job.

Serikali ndiyo ilichukua muda. CDU walikataa kukaa na AfD, wakaongea na SPD, chama cha mrengo wa kushoto, na chama kipya cha Sahra Wagenknecht, ikavunjika Novemba, wakabaki CDU na SPD na viti 51, hata nusu hawafiki. Kretschmer wa CDU, waziri mkuu wa jimbo, akarudishwa Desemba 18, raundi ya pili, na sasa kila sheria lazima wabembeleze upinzani. Ile iliyotoka, mkitaka kucheka, walikuwa wanaiita serikali ya Kenya kwa sababu ya rangi za vyama, nyeusi, nyekundu na kijani. Kijani imetolewa. Mkenya mwenyewe bado yuko hapa anapangusa wazee.

Na hao wazee. Kuna bibi mmoja namuogesha, alipiga kura ya posta akanipa bahasha nimtumbukizie kwa boksi nikienda nyumbani, eti wewe ndiye uko na miguu. Nikaibeba. Mimi mwenyewe sina kura huku mpaka niwe raia. Matokeo yalipotoka akaniambia nisiwe na wasiwasi, si nyinyi wenye mnafanya kazi, ni wale wengine. Sikumuuliza aliweka alama wapi, nikamfunga viatu tukaenda chai.

Lakini chenye kinaniuma si AfD, ni makaratasi. Sheria ya kukaa inatungwa Berlin, faili yako inakaa ofisi ya wilaya ama ya mji, kwa hivyo serikali ibadilike isibadilike wewe unangoja mlango ule ule. Kadi yangu ya kukaa ilikuwa inaisha, nikapeleka kila kitu mapema, kontrakti, pesilipu, barua ya mwenye nyumba. Kimya. Simu inalia tu, imeili inajibiwa na mashine. Mwishowe nikapewa karatasi ya kukunja, eti unaruhusiwa kuendelea kungoja, na kuna watu ukiwaonyesha wanaiinua kwa taa kama noti feki. Nikauliza kama naweza kutoka nchini nirudi nayo, yule mama akasema labda. Labda! Ndiyo maana mazishi ya Cucu, nyanya yetu, mliniona kwa simu, na mkasema nimejifanya Mzungu. Niliyasikia hayo, msidhani sikusikia.

Sasa hiyo 250,000. Ruto na Scholz, kansela wa Ujerumani wakati huo, walishuhudia mkataba wa uhamiaji na kazi ukitiwa sahihi Septemba 13, wiki mbili hazijaisha baada ya uchaguzi wetu, na wizara ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilikana hiyo namba, kwa mkataba haimo. Viza bado ni ubalozi wao pale Riverside, Nairobi, bado lugha, bado vyeti vitambuliwe. Mwenye anawaitisha pesa ya kuwawekea nafasi ni mwizi, hata kama mnasali naye.

Cuzo wa uuguzi, usikuje. Ukishapata cheti cha Kijerumani cha B2 kuja, nasema ukweli, watu hawatoshi, kuna usiku tuko wawili ghorofa nzima. Ila tafuta upande wa magharibi. Ama njoo tu huku, nyumba ni bei nafuu kuliko München, na majirani wangu wa chini ni watu wazuri sana. Usiku usipande tramu peke yako. Aah, utapanda, utafikaje kazini?

Anko, ploti ya Kamulu usiuze. Na kama lazima uuze, uza ulipe karo, si ajenti.

Pesa nitatuma Ijumaa, ni ya fee tu, msigawane. Mwaliko msiniulize tena mpaka kadi yangu itoke.