Mboni Imetoka Nyeupe Kwenye Picha, Baba Mkwe Anataka Tungoje Mavuno

SWALI: Shikamoo Mama. Nina watoto wawili, naishi kijiji cha jirani na Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mdogo ni wa kike, ana miezi 9. Usiku wa Krismasi wifi yangu alimpiga picha kwa simu, flashi ikawaka. Jicho moja lilitoka jekundu kama tunavyotoka wote, la kushoto likatoka jeupe kama la paka. Mama mkwe akasema niifute ile picha, ina mkosi. Sikuifuta. Mwezi uliofuata jicho likaanza kwenda upande, nikampeleka hospitali Dodoma mjini. Wamesema ni saratani ya jicho, wametuandikia rufaa ya Muhimbili na kutuambia huenda jicho likatolewa. Baba mkwe amekataa. Anauliza mtoto wa kike asiye na jicho ataolewa na nani, tena kama ni lazima kwenda, basi tuvune kwanza mahindi tupate nauli. Mume wangu yuko kimya. Chini chini wanasema tatizo limetoka kwenye ukoo wangu. Kaka yake ana miaka 4, yeye ni mzima. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda wiki hii. Sasa hivi mahindi yako kwenye palizi. Mpaka yakauke, yavunwe, yapate bei pale sokoni Kibaigwa, miezi minne imekwisha, na ugonjwa huu kwa mtoto wa umri huo tunauhesabia wiki.

Nakuambia hivi kwa sababu kuna mama mmoja simsahau. Mwaka 1994 nilikuwa muuguzi kijana kwenye zahanati moja ya huku kwetu. Alikuja na mtoto mgongoni, kamfunga kwa kitenge cha kijani, akaniambia, “Nesi, jicho la mwanangu linang’aa jioni nikiwasha koroboi.” Nilimfungua mtoto jicho mchana wa jua kali, mboni imesinyaa, sikuona kitu. Nikampa tyubu ya dawa ya macho na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya miezi sita, jicho limevimba na kutokeza nje. Yule mtoto hatukumwokoa. Mama alikuwa ameona sawasawa, mimi ndiye sikumsikiliza. Wewe pia umeona sawasawa.

Saratani hii ya jicho inaitwa retinoblastoma. Huota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na karibu wote wanaoupata ni watoto walio chini ya miaka 5. Mwanga wa simu ukiingia kwenye jicho zima hurudi na wekundu wa damu ya huko nyuma. Ukikutana na uvimbe hurudi mweupe. Makengeza yanayofuata ni kwa sababu jicho lile limeacha kuona vizuri, haliwezi tena kukazia kitu.

Sasa kuhusu kulitoa. Uvimbe ukiwa bado mdogo, madaktari hujaribu kuliokoa jicho kwa dawa, kwa mionzi ya leza au kwa kuugandisha. Ukiwa umelijaza, jicho lenyewe mara nyingi limeshapofuka, na wanalitoa ili saratani isipite kwenye mshipa wa fahamu ikaingia kwenye ubongo. Mweleze mzee hivyo hivyo, kwamba hawamnyang’anyi mjukuu wake jicho linaloona. Mtoto anapewa nusu kaputi, hasikii kitu. Mahali pa jicho huwekwa kipira, na baada ya wiki kadhaa, kidonda kikishapona, anavalishwa jicho la bandia lililopakwa rangi kufanana na lile jingine. Litabadilishwa kadiri anavyokua. Nimewaona mabinti wa namna hii sokoni Majengo wakihesabu chenji haraka kuliko mimi. Habari ya kuolewa inamhusu binti aliye hai, na hilo baba mkwe atalielewa akiambiwa na mtu anayemheshimu. Usimjibu wewe. Mtafute mjomba wa mume wako au kiongozi wenu wa dini, aende jioni mzee akiwa ametulia, na mume wako awepo. Mume aliyekaa kimya mara nyingi anaogopa tu. Mpe kazi: yeye ndiye abebe barua ya rufaa.

Hili la ukoo limeniuma. Saratani hii huanza pale kipande kimoja cha urithi kwenye chembe ya jicho kinapoharibika. Hakuna uliyemkosea, na haitoki kwenye maziwa yako wala kwenye chakula ulichokula ukiwa mjamzito. Watoto kama 4 kati ya 10 huzaliwa na hitilafu hiyo mwili mzima, lakini hata hao, wengi wao hawakuitoa kwa baba wala kwa mama, imeanza kwao wenyewe. Hata hivyo yule kaka wa miaka 4 nenda naye. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa wakati uvimbe mdogo umekaa pembeni. Nanyi wazazi ombeni mpimwe macho. Na Mungu akikujalia mwingine, apimwe macho wiki za mwanzo kabisa, usisubiri picha.

Fedha: pale Muhimbili watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo, na taasisi ya Tumaini la Maisha inashirikiana na hospitali katika kuwahudumia. Ukifika tu, muulize muuguzi au afisa ustawi wa jamii habari za malazi yako na nauli ya kurudi. Kwa hiyo cha kutafuta leo ni nauli ya kwenda tu, na basi la Dar unalipandia hapo hapo Kibaigwa. Uzeni mbuzi. Mahindi yaacheni shambani.

Jicho likitolewa litapimwa maabara, na majibu ndiyo yatakayosema kama anahitaji dawa za dripu. Akizihitaji, hutolewa kwa mizunguko ya wiki tatu au nne. Nywele zitadondoka, zitaota tena. Homa ikimpata katikati ya mizunguko, usimpe panadol ukangoja asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo, kinga yake iko chini. Ninachokiogopa zaidi ni mzunguko wa tatu, mtoto anapoanza kucheka na kula, ndugu wakakuambia amepona, mrudi nyumbani kuvuna. Wengi tumewapoteza hapo. Maliza mizunguko yote, kisha rudi kila tarehe ya kupimwa jicho la pili.

Beba kadi ya kliniki, barua ya rufaa, na simu yenye ile picha ya Krismasi. Daktari ataiomba aione.