Kabla hujamcheka mtoto aliyesema "I hear smell"

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na kibao. Kipande cha mbao nilichokitoboa mwenyewe, nikakipitishia kamba ya katani na kuandika kwa maka peni: I SPOKE KISWAHILI. Aliyenaswa akiongea Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwingine. Hakuna mkuu wa shule aliyenituma. Na mimi nilivishwa kama hicho enzi zangu, na kwa kuwa baadaye nilikijua Kiingereza, nikadhani kibao ndicho kilichonifundisha.

Baada ya wiki mbili Kidato cha Kwanza kilikuwa kimya kuliko mstarini asubuhi. Ofisini wakanipongeza, ticha mpya ana nidhamu.

Shule yenyewe ni ya kata, mkoani Singida, na kama ujuavyo walimu hawatoshi, kwa hiyo juu ya Kiingereza nikabandikwa na Baiolojia. Siku moja nilikuwa nimemaliza usanisinuru. Nikauliza, "What is photosynthesis?" Darasa zima likaitikia kwa mkupuo: "Photosynthesis is the process by which green plants manufacture their own food..." hadi nukta ya mwisho. Kichwa kikanivimba. Halafu nikauliza, hiyo "manufacture" maana yake nini? Kimya. Kijana wa dawati la mbele akajitosa kwa sauti ya chini: ni aina ya mmea.

Nikavunja sheria yangu mwenyewe, nikauliza kwa Kiswahili mmea unakipata wapi chakula chake. Binti mmoja ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake tangu Januari akasimama. Akasema alizeti ikiota chini ya mkwaju inarefuka, inapinda kulifuata jua, kichwa kinakuwa kidogo na mbegu zinatoka mapepe, kwa sababu haikupata mwanga wa kupikia. Alisema hivyo hivyo, wa kupikia. Alipokaa, akamnyooshea mkono jirani aliyekuwa na kibao siku hiyo, akakivaa mwenyewe. Alijua sheria.

Nakuandikia wewe unayeripoti kituo cha kazi mwaka huu, hasa kama umepangiwa Kidato cha Kwanza, watoto waliotoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa kila kitu kimegeuka.

Chuoni tulizimeza falsafa za elimu kama orodha ya mitume: udhanifu, uhalisia, upragmatiki na wenzake. Nikapata alama nzuri, nikasahau. Ilinichukua muda kuelewa kwamba falsafa ya elimu inajibu swali moja ambalo hulikwepi hata ukichelewa kuamka: huyu mtoto aliye mbele yangu ni nini? John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alisema akili ya mtu inaanza kama karatasi isiyoandikwa kitu, na uzoefu ndio unaoandika. Mimi nilikuwa nimekwenda mbele ya Locke. Watoto walikuja na maandishi tayari, ya alizeti, mifugo na masimulizi ya bibi, nami nikaona kazi yangu ni kuyafuta kwa dasta. Mwalimu akishamwona mtoto hivyo, kibao kinafuata chenyewe.

Paulo Freire wa Brazil aliita ufundishaji wa namna hii elimu ya kibenki: mwalimu anaweka amana, mwanafunzi anatunza, siku ya mtihani inatolewa vilevile ilivyowekwa. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamikia jambo la karibu na hilo: shule inayomtenga kijana na jamii yake na kumfundisha kuamini kwamba elimu iko vitabuni tu. Wazazi wa binti yule wanalima alizeti, na darasani kwangu ujuzi wao haukuwa na pa kukaa.

Sasa tuje kwenye lugha. Mazoea yetu ya "Class, repeat after me" na "Tuko pamoja? Ndiyooo!" yana baba yake. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1957 aliandika kwamba lugha ni tabia kama tabia nyingine. Unapata kichocheo, unaitikia, unatuzwa, na ukirudia inakolea. Miaka miwili baadaye mwanaisimu Noam Chomsky, naye Mmarekani, akamjibu kwa ukali. Ukitaka kujua nani alikuwa na hoja, msikilize mtoto wa miaka mitatu uswahilini akisema "majino yangu." Nani kamfundisha? Mama yake anasema meno, jirani anasema meno. Mtoto kasikia jina na majina, jani na majani, akatunga kanuni, akaipeleka kwenye jino. Kukosea kwake ni ushahidi kwamba anafikiri.

Mwaka uleule wa 1967 Pit Corder, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha yasomwe namna hiyo, yanaonyesha amefika wapi. Ushauri wangu mkubwa kuliko yote unatoka hapo: nunua kauntabuku, iwe ya makosa. Usiandike majina, andika sentensi tu. Ya kwangu ina "My mother she is sick" kurasa na kurasa. Zamani niliikata kwa wino mwekundu na kuandika "Grammar!", neno lisilomsaidia mtu. Ukiitazama vizuri, huyo "she" ni kile kiambishi "a" cha "mama yangu anaumwa". Kwa Kiswahili hatusemi "mama yangu umwa", lazima kitendo kibebe mwenyewe. Ukimwambia mtoto hivyo, kwamba Kiingereza kikishamtaja mama hakimrudii, anakuelewa kwa dakika mbili. "I hear smell" hali kadhalika. Sisi harufu tunaisikia. Na anayemwita dada yake "he" hajazembea, ni kwamba "yeye" yetu haiulizi jinsia.

Lakini makosa huyapati kwa darasa lililonyamaza. Stephen Krashen, Mmarekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alieleza kwamba lugha inaingia kupitia maneno tunayoyaelewa yaliyopanda kidogo tu juu ya uwezo wetu, na kwamba hofu inafunga njia. Kwenye hofu namuunga mkono kwa asilimia mia. Hapo kwingine alizidisha. Mtafiti wa lugha Merrill Swain alichunguza watoto wa Kanada wanaoongea Kiingereza nyumbani, waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi. Walielewa vizuri, ila kusema na kuandika kwao kuliendelea kuyumba, akahitimisha mwaka 1985 kwamba kusikia hakutoshi, lazima mtu asukumwe atoe. Ndiyo maana kipindi changu pacha cha dakika 80 nakianza kwa Kiswahili. Wanajadili wawili wawili, anayejua zaidi akimvuta mwenzake, kama alivyofundisha Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, kwamba analoliweza mtoto leo kwa msaada, kesho ataliweza peke yake. Katikati nasimulia jambo lilelile kwa Kiingereza chepesi, kwa picha za ubaoni na mikono. Dakika 20 za mwisho ni zao, waseme na kuandika kwa Kiingereza, wakosee, nami niko na kauntabuku yangu.

Usije ukanielewa kwamba nawaambia mkifukuze Kiingereza. Karatasi ya Baiolojia ya Kidato cha Nne inakuja kwa Kiingereza, na mtoto asiyeweza kuiandikia hatabebwa na alizeti. Ila uwe mkweli kuhusu muda. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha, alionyesha kwamba watoto wahamiaji Kanada waliweza kupiga soga kwa Kiingereza baada ya miaka kama miwili, lakini Kiingereza cha vitabuni kiliwachukua mitano hadi saba. Hao Kiingereza wanakisikia dukani, kwenye basi na uwanjani. Wa kwetu wanakisikia kwangu, kisha kengele inalia. Tuna miaka minne.

Utakutana na mthibiti ubora, yule tuliyezoea kumwita mkaguzi wa shule. Wa kwangu alikaa dawati la nyuma, akauliza mbona nasikia Kiswahili. Nikamfungulia andalio la somo, kila hatua imeandikwa lugha yake na sababu yake, nikampa na madaftari matatu aone aya za mwisho wa kipindi. Alisoma moja lote. Basi na wewe yaandike hayo kwenye andalio kabla hujaulizwa. Kujieleza baadaye kunafanana na kujitetea.

Kibao nilikichoma jiko la shule muhula uleule. Kauntabuku iko ya pili sasa. Juzi kijana wa nyuma alichelewa kuleta kazi, nikamuuliza kulikoni, akasema, "Sir, the phone has finished charge." Nilicheka kidogo, siwezi kudanganya. Halafu nikamwomba airudie taratibu, niiandike.