Jibu: Umeme wa elfu kumi unaisha siku nne

Salama mkuu? Umesema umepanga Tabata, una friji na feni tu, halafu umeme wa elfu kumi haumalizi wiki. Kabla hujagombana na mwenye nyumba, zima swichi kubwa ya kwako, kaitazame mita. Kile kitaa cha mita kikiendelea kupepesa, kuna mtu anakula kwenye laini yako. Mimi Mbagala nilikuta pampu ya kisima cha nyumba nzima inavuta kwangu, miezi mitano nalaumu friji ya watu! Hapo ita fundi, nyaya usiziguse. Ujuzi wangu mimi unaishia kwenye swichi.

Kikitulia, mlaji yumo ndani. Anza na friji: bana noti mlangoni, funga, vuta. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka, na kwa joto la Dar itanguruma usiku kucha. (Kama majirani wanapigia pasi kwako, hilo unalijua mwenyewe.)

Soma na ujumbe wa tokeni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo, na hiyo ni ya mwenye nyumba, mdai.

Ukijaribu, rudi utuambie kitaa kimefanyaje.