Shangazi wa Gemu: “Nilimuua Malkia, Mbona Amerudi?”

Safari hii barua karibu zote zimeangukia RPG, yaani zile gemu unazojivika mtu, ukampandisha levo na kumwamulia maisha yake. Wengine mnazililia zilizokwisha kutoka, wengine mnazisubiri zijazo roho juu. Nimechukua zilizonichokoza zaidi. Mliouliza njia za mkato za kujaza dhahabu mfukoni bila jasho, Shangazi hajaziona barua zenu.

Shangazi, shikamoo. Nimecheza Mass Effect zote tatu kwa mhusika mmoja. Katika ya kwanza nilimuua malkia wa rachni, wale viumbe kama wadudu, kwa makusudi, nikijua kabisa kwamba nafuta kizazi kizima. Nafika ya tatu, nakuta rachni wamejaa tele na wana malkia mwingine. Sasa mimi niliamua nini? Na hawa wanaotuahidi kwamba gemu ijayo itakumbuka kila tulichofanya, tuwaamini?
*Muuaji Aliyedanganywa*

Marahaba, mwanangu. Hasira yako ina haki. Faili lako la ile ya 2007 lilihamia kwenye ya 2010, kisha kwenye ya 2012, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa kuu ya gemu hizo: ulilofanya litakufuata. Lakini tazama kilichotokea. Aliyemsamehe malkia anamkuta katika ya tatu ametekwa na Reapers, zile mashine zinazoangamiza viumbe. Aliyemuua anakuta Reapers wamejitengenezea wa kwao. Pango lilelile, maadui walewale, na mwisho wote wawili mnaulizwa kama mtamwokoa. Tofauti inakuja baadaye kidogo, maana yule wa bandia ukimwokoa anakugeuka. Kwa mtu aliyefuta kizazi kizima, hicho ni kishika uchumba tu.

Sababu yake ni hesabu. Kila tawi la hadithi lazima liandikwe, waigizaji walitie sauti, wajaribuji wapite humo kutafuta hitilafu, na sehemu kubwa ya wachezaji hawatalikanyaga kamwe. Studio inaona uchungu kulipia chumba ambacho wengi hawaingii. Kwa hiyo waandishi wanakuchorea njia panda, halafu mbele kidogo wanaziunganisha zote mbili wakiomba usigeuke nyuma.

Lakini usiitupe gemu nzima kwa ajili ya malkia mmoja. Mkumbuke Wrex, yule mpiganaji mwenzako wa kikrogan, pale ufukweni kwenye sayari ya Virmire. Amegundua kwamba kuna dawa ya ugonjwa uliotengenezwa ili wakrogan wasizaliane, na wewe umekuja kuilipua maabara yenye dawa hiyo. Anakunyooshea bunduki. Ama unampoza kwa maneno, ama anakufa palepale mchangani. Akifa, katika ya tatu kiti cha wakrogan kinakaliwa na Wreav, ambaye kichwani hana kingine ila kisasi. Na kama katika ya pili uliteketeza utafiti wa dawa wa mwanasayansi Maelon, yule mwanamke wa kikrogan, Eve, naye hatapona. Ni katika hali hiyo tu, hakuna Wrex wala Eve, ndipo unapoweza kumshawishi Mordin, mwanasayansi wa kundi lako, asipande mnara kuisambaza dawa, akakuelewa na akaishi. Kama Wrex yu hai, Mordin hashawishiki. Ukitaka kumzuia itabidi umpige risasi, na baadaye Wrex akishajua atakuja kukudai maelezo, na maelezo yenyewe huna.

Hapo uamuzi wa 2007 umefunga mlango mmoja na kufungua mwingine miaka mitano mbele, na yule uliyemtendea ndiye anayekuja kukuuliza. Mimi hicho ndicho ninachokitafuta katika mwendelezo, na wala sihitaji kiwe katika kila kona. Wakinipa vitatu vya namna hiyo vilivyokolea, vile mia vya kupambia nawaachia.

Nikisema vitatu, najua wengine mnaguna kwa sababu ya Dragon Age: The Veilguard. Ile ilitoka mwaka 2024, miaka kumi baada ya Inquisition iliyoitangulia, na ikabeba maamuzi matatu tu: ulimpenda nani, ulilivunja lile jeshi lako la Inquisition au uliliacha, na uliapa kumfanya nini Solas, mwenzako aliyekugeuka. Watu walikasirika, na mimi nilikasirika nao, lakini si kwa uchache wake. Nani alikunywa maji ya Kisima cha Huzuni, nani anatawala wapi, haya tuliyatolea jasho katika gemu zilizopita, kisha hadithi ikahamishiwa upande mwingine wa dunia ile ili yasitajwe. Ni kama kumhamisha shahidi mji ili asiitwe mahakamani.

The Witcher 3 ya mwaka 2015 ilinifurahisha zaidi kwa ujanja wake. Geralt, mwindaji wa mazimwi unayemchezea, yuko ikulu ya Vizima, anaandaliwa kwenda mbele ya mfalme, wembe u shingoni, na jenerali mmoja wa dola ya Nilfgaard anamhoji: fulani ulimwacha hai au ulimuua? Ukijibu, ndiyo umeshaipanga dunia yako, hata kama ile ya pili hukuicheza. Huhitaji faili la zamani, wala menyu ndefu ya kuchosha. Ni mahojiano, na uko pabaya pa kudanganyia.

Sasa The Witcher 4, iliyotangazwa Desemba 2024, imempa upanga Ciri, binti aliyelelewa na Geralt. Katika ya tatu angeweza kuwa malkia wa dola, kuwa mwindaji, au hadithi ikaishia kwamba hakurudi. Studio imeshika njia ya uwindaji. Waliomvika taji wananiandikia kwa machozi. Mimi naona heri watuambie mapema kwamba njia ni moja, kuliko kutufunga kitambaa machoni kama walivyokufanya wewe na malkia wako. Kwa hiyo, tuwaamini? Anayeahidi kukumbuka mambo machache, mpe sikio. Anayeahidi kukumbuka kila kitu anauza maneno.

Shangazi mpendwa, kaka yangu ananidharau kwa kufuata mshale wa misheni. Anasema Morrowind ndiyo ilikuwa gemu, haikuwa na mshale. Nikazima mshale kwenye Skyrim ili nimnyamazishe, nikapotea kabisa. Mimi ni mvivu, au gemu za sasa zimetupumbaza?
*Mfuata Mshale*

Kupotea kwako hakutokani na uvivu. Kaka yako ana nusu ya ukweli, na kama kawaida ya makaka ameishika nusu hiyo kwa mikono miwili.

Morrowind, ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls, ilitoka mwaka 2002, na mazungumzo yake karibu yote ni maandishi. Mtu alikuelekeza njia kama mtu: toka Balmora, pita ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale la Dwemer, tafuta magofu ya Arkngthand. Ukifika, mlango hauonekani. Lazima utambue bomba lililojitokeza karibu na daraja, lina mpini, uuzungushe, ndipo mwamba ufunguke. Ndani unatafuta kijisanduku kidogo ambacho haking'ai wala hakiiti. Wapo waliolizunguka gofu lile hadi wakaifuta gemu. Wapo pia, na Shangazi ni mmojawapo, ambao hawajawahi kujisikia wajanja kama siku ule mwamba ulipofunguka.

Mwaka 2006 ikaja mdogo wake Oblivion, kila mtu ana sauti. Maneno ya kurekodi ni ghali, maelekezo ya “pinda kushoto kwenye mti” yakapunguzwa, na dira yenye mshale ikaletwa kuziba pengo. Skyrim ya mwaka 2011 ikafuata njia hiyo. Ndiyo maana ulipozima mshale ulipotea: hakuna aliyekuambia njia. Mwandishi alijua mshale upo, akanyamaza. Kwa hiyo usidanganyike na studio inayosema “mshale unaweza kuzimwa”. Kuzima ni rahisi. Swali ni kama kuna mwanakijiji hata mmoja humo ndani anayejua kuelekeza.

Na kaka yako akizidi, mkumbushe kwamba katika hiyo Morrowind upanga unapita katikati ya tumbo la panya, unauona kwa macho yako, halafu kete za siri zinaamua kwamba umekosa. Hapo huwa wananyamaza.

Shangazi, kwa nini nikipanda levo na majambazi nao wanapanda? Faida ya kujinoa ni nini?
*Levo Bure*

Ugonjwa huo Oblivion iliugua vibaya mno. Mwizi wa barabarani anakusimamisha akidai vipande mia vya dhahabu, huku amevaa deraya za kioo ambazo angeziuza akaacha wizi na kustaafu. Skyrim waliutibu nusu kwa kuyawekea maeneo kiwango cha chini na cha juu. Dawa kamili ni ya Gothic ya mwaka 2001: mnyama ni yule aliye, ukimfuata mapema anakula, ukirudi na nguvu unalipiza. Nikisikia mwendelezo wowote unatamba kwamba “unaweza kwenda popote tangu mwanzo”, jambo la kwanza ninalouliza ni kama nitaweza kufia huko.

Heshima yako Shangazi. Katika Baldur's Gate 3 kila kete ikinikataa naifungua upya hifadhi ya nyuma hadi nishinde. Mwenzangu ananiita mwizi. Nakosea?
*Kidole Chepesi*

Gemu ni yako na hifadhi ni yako, huna uliyemwibia. Ila nikuulize, ulichokikwepa ulikiona? Baldur's Gate 3 imewaandikia walioshindwa mambo mengi, na wewe unapita nje ya hayo yote kwa mbio. Kama unataka kujipima, tangu mwishoni mwa mwaka 2023 ina hali ya Honour yenye hifadhi moja tu. Kundi lako likiteketea, heshima hiyo imekwenda.

Lakini lawama kubwa ninaiweka kwa wabunifu. Mchezaji anarudi nyuma kwa sababu gemu nyingi zikikunyima kete hazikupi kitu mbadala: mlango haufunguki, basi. Ione Disco Elysium ya mwaka 2019. Mpelelezi wako anajaribu kulitoroka deni la hoteli kwa mbwembwe, kete inakataa, anaruka kinyumenyume na kumvaa mama mmoja aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Umeshindwa, na ndilo tukio utakalowasimulia watu. Nani atarudi nyuma hapo?

Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018 ilipita njia nyingine. Ukitaka kuhifadhi papo hapo unakunywa pombe maalumu, na ukizidisha Henry analewa. Watu walipiga kelele. Mimi kilichonikaa ni kwamba Henry, mtoto wa mhunzi mwaka 1403, hajui kusoma. Ukifungua kitabu kabla hajafundishwa, unaona herufi zimevurugika zote. Unamtafuta mwandishi wa kijijini akufundishe, na taratibu maneno yanaanza kukaa sawa. Hakuna kete wala hifadhi itakayokurukisha hatua hiyo.

Shangazi, mapigano ya zamu, yale ya kusubiri mwenzako apige ndipo nawe upige, si yameshakufa?
*Mkono Mwepesi*

Baldur's Gate 3 ni ya zamu, ikawa gemu ya mwaka 2023 katika The Game Awards. Clair Obscur: Expedition 33 ni ya zamu, ikaichukua ya 2025. Mazishi hayo sikualikwa.

Shikamoo Shangazi. Tangu Juni 2018 nasubiri The Elder Scrolls VI. Walituonyesha milima na jina. Na Baldur's Gate ya nne je? Na zikitangazwa tarehe, nilipie kabla?
*Subira Imekwisha*

Marahaba. Ile trela ya milima haikuwa habari ya gemu, ilikuwa ya kuwatuliza watu wasiulize, maana kwa Bethesda, studio yake, gemu ya Starfield ndiyo iliyokuwa mezani, nayo ilitoka Septemba 2023. Ndipo watengenezaji wengi walipopata nafasi ya kuhamia kwenye milima yako. Anza kuhesabu kutoka hapo, si kutoka 2018, roho itakutulia kidogo.

Ya nne ya Baldur's Gate, Larian, walioitengeneza ya tatu, walisema waziwazi mwaka 2024 kwamba wao hawaifanyi. Jina ni mali ya Wizards of the Coast, kwa hiyo likirudi litarudi kwa mikono mingine. Kati ya ya pili na ya tatu ilipita miaka 23, na ya tatu ilikaa wazi kwa wachezaji kuijaribu tangu Oktoba 2020 hadi Agosti 2023, wakiikosoa na studio ikirekebisha. Atakayeirithi, mtazame kama atathubutu kuionyesha ikiwa bado mbichi hivyo. Mimi hilo lingenituliza kuliko trela yoyote.

Kulipia kabla ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Cyberpunk 2077 ilitangazwa mwaka 2012, ikatoka tarehe 10 Desemba 2020, na wiki moja baadaye Sony wakaiondoa dukani kwao hadi Juni 2021. Leo ni gemu nzuri sana, toleo la 2.0 la Septemba 2023 liliifuma upya, na mwendelezo wake unaandaliwa. Lakini waliolipa mwanzo walilipia ile ya mwanzo. Tena tathmini zilizotangulia siku ya kutoka zilikuwa za kompyuta tu, na waliolia zaidi ni wenye konsoli za kizazi cha nyuma. Kwa hiyo fedha yako ikae mfukoni hadi mtu mwenye mashine kama yako awe ameicheza na amesema. Kama konsoli yako ni ya zamani na hakuna picha hata moja ya gemu ikiendeshwa juu yake, chukulia kwamba hawataki uione.