Mipaka Ndani ya Tangi la Kioo: Maswali na Majibu

Barua nyingi nilizozipokea safari hii zimetoka kwa watu waliochukua samaki wadogo wa miambani kutoka Ziwa Tanganyika, wale wa ukoo mmoja na ngege na kuhe ambao wataalamu huwaita sikilidi, wakawaweka sebuleni katika tangi la kioo wakitarajia urembo, kisha wakajikuta wanaendesha baraza la ardhi la kata. Ninazijibu moja baada ya nyingine.

*Nina samaki sita wa aina ya Tropheus duboisi katika tangi la urefu wa sentimita 80. Dume mmoja amewasukuma wenzake wote kwenye kona ya juu, na wawili wamekwisha kufa. Je, nimtoe? (Msomaji wa Mwanga, Kigoma)*

Ukimtoa huyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba wa pili wake atakikalia kiti kabla ya juma kwisha, kwa sababu shida haiko kwenye tabia ya samaki mmoja. Huko ziwani, samaki aliyeshindwa hukimbia mita chache, akapotea nyuma ya mwamba, na ugomvi ukaishia hapo. Katika tangi lako hana pa kukimbilia, kwa hiyo mshindi anaendelea kumwona na kumhesabu kuwa mvamizi asiyetaka kuondoka. Kinachotakiwa ni kukata upeo wa macho. Panga mawe katika marundo mawili au matatu yanayofika karibu na uso wa maji, ukiacha uwanja wa mchanga mtupu katikati, ili kila rundo liwe na mwenyewe na mpaka uonekane. Mawe yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga, kwani samaki hawa huchimba, na rundo lililojengwa juu ya mchanga litaporomoka siku moja na kupasua kioo.

Jambo la pili ni idadi. Kwa Tropheus, sita ni idadi mbaya kuliko zote, maana kipigo chote humwangukia mnyonge mmoja hadi afe, kisha zamu inahamia kwa anayemfuata. Wafugaji wazoefu huanza na kumi na wawili au zaidi, wote wakiingizwa siku moja, katika tangi lenye urefu usiopungua sentimita 120 na ujazo wa lita 250 hivi, ili hasira ya mbabe igawanyike kwa wengi. Usiifanye hii kuwa kanuni ya samaki wote, kwa sababu Julidochromis, sikilidi wengine wa Tanganyika, kwa mfano, hukaa wawili wawili na hawataki wenzao karibu na ufa wao.

Ukilazimika kuongeza samaki mgeni, hamisha mawe kwanza na uzime taa, ili wote waamke wageni katika nchi mpya. Mwaka 2015 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba Neolamprologus pulcher, samaki mwingine wa ziwa letu, humtambua jirani yake kwa alama za usoni na kumvumilia kuliko asiyemjua. Majirani waliokwisha kuelewana hupigana kidogo. Sura ngeni ndiyo inayowasha moto.

*Nilinunua samaki Kigoma nikasafiri nao kwa treni hadi Tabora. Walifika hai, lakini sasa wamekunja mapezi na rangi imepauka. Bomba letu linatoa maji ya Ziwa Victoria. (Msomaji wa Tabora)*

Ziwa ni ziwa kwa jina tu. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini na ya kialkali, yakiwa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) ya 8.6 hadi 9.0 hivi, wakati maji ya Victoria ni mepesi na hayana chumvi nyingi za kuizuia pH isishuke kadiri uchafu wa samaki unavyoongezeka. Weka mawe ya chokaa au vipande vya matumbawe katika chujio na kwenye mchanga, nayo yatapandisha ugumu wa maji polepole. Ukitaka kuongeza zaidi, tumia soda ya mapishi, ile ya kuumulia maandazi, kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku ukipima. Narudia, soda ya mapishi, wala si magadi soda ya watengeneza sabuni, ambayo itaua kila kitu, wala si chokaa ya kupaka ukutani. Maji ya bomba yaache kwanza siku nzima katika chombo kilicho wazi ili klorini itoke.

Tatizo lako jingine huenda ni amonia. Sumu hii inayotokana na kinyesi na masalia ya chakula huwa kali zaidi pH inapokuwa juu, na tangi jipya halina bado bakteria wa kuivunja; wao huhitaji majuma manne hadi sita kujijenga. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara na punguza chakula. Safari ijayo, wasile kwa saa 24 kabla ya kupakiwa, na mfuko ukishafunguliwa usiuache wazi muda mrefu, kwa sababu gesi ya kaboni inapotoka, pH ya maji ya mfukoni hupanda ghafla na amonia iliyokuwa imelala huamka.

*Watoto huwapa duboisi wetu vipande vya dagaa. Mmoja amevimba tumbo na hali tena. (Mama wa Gungu)*

Mama, dagaa simamisheni leo. Tropheus hula mwani anaoukwangua juu ya miamba, na utumbo wake ni mrefu kama ulivyo wa wala majani wengi, kwa hiyo chakula cha nyama kikizidi humletea uvimbe ambao mara nyingi huua. Huyo mgonjwa mtenge. Wengine wapeni chakula cha spirulina, yaani mwani uliokaushwa, na mchicha uliochovywa katika maji ya moto, na hata hivyo kidogo. Njia ninayoipenda haina gharama: weka mawe katika ndoo ya maji juani hadi yaote kijani, kisha yabadilishane na yale ya tangini.

*Je, naweza kufuga kuhe? (Kijana wa Ujiji)*

Hapana. Anaweza kuzidi sentimita 70. Kuhe ni wa sufuria.

*Tangi langu ni la lita 60 tu. Hakuna sikilidi anayenifaa? (Mwalimu, Kigoma)*

Yupo, na pengine ndiye mzuri kuliko wote. Chini ya ziwa letu yametapakaa maganda ya konokono Neothauma, na wako samaki wa urefu wa sentimita tano hivi ambao nyumba yao ni ganda moja la konokono. Lamprologus ocellatus hulifukia ganda lake mchangani akaacha mlango tu, kisha akalilinda hata dhidi ya kidole chako. Mwalimu, weka mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi, na maganda mengi kuliko samaki, yaliyoachana; kuhusu dume, mmoja anatosha.

Usije ukadanganywa ukauziwa Lamprologus callipterus kwa sababu tu naye anatumia maganda. Dume wake ni mkubwa, uzito wake waweza kuwa mara kumi na mbili ya jike, na kazi yake ni kukusanya maganda, hata kuyaiba kwa jirani, ili majike waingie kutaga ndani yake. Katika lita 60 atakuwa mwenye mali asiye na ardhi.

*Umeme ukikatika usiku kucha, nifanye nini? (Msomaji wa Kibirizi)*

Usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na kuyarudisha kwa kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda, au ununue pampu ya hewa ya betri. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe chujio kabla ya kulisuuza kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa maana bakteria waliokufa humo wataoza na uchafu wao ukarudi kwa samaki kwa mkupuo mmoja.