Jibu: Chafya kila ukilala kwa shangazi mwenye paka

Salaam ndugu. Umesema kila ukienda Ngamiani kwa shangazi unapiga chafya na macho yanawasha usiku kucha, ingawa ukifika tu paka anafukuziwa uani.

Anza na chumba unacholala. Kinachokudhuru si manyoya yenyewe, ni protini ya kwenye mate na ngozi ya paka. Ikikauka hupeperuka, hung'ang'ania vitambaa, na hubaki miezi hata paka akihama. Kwetu Chumbageni shida ilikuwa chandarua: paka alijilaza humo mchana, usiku nikikishusha vumbi lote linanimwagikia usoni. Mwombe shangazi mapema, kwa adabu, shuka zifuliwe kwa maji ya moto, chandarua kwa maji ya baridi (chenye dawa hakitaki moto). Sakafu ipigwe deki, isifagiwe kavu, na mlango wa chumba ushinde umefungwa.

Setirizini (dawa ya mzio, yaani aleji) miligramu 10, kwa mtu mzima, mara moja kwa siku, inywe kabla hujafika. Inaweza kuleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe pikipiki.

Hukusema kama una pumu. Kifua kikibana au kikitoa mlio, nenda hospitali usiku huohuo.